Nani alisema sonona ni ugonjwa wa Wazungu?

Kuna sentensi moja ambayo hapa Arusha nimeisikia mpaka imenichosha. Nimeisikia kijiweni Ngarenaro, nimeisikia ndani ya Hiace ya kwenda Tengeru, nimeisikia hata kwa watu wenye digrii mbili. Inatoka kila mara mtu anapotajwa kuwa ana sonona: "Ah, huo si ugonjwa wa Wazungu? Mwafrika gani ana muda wa depresheni?" Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye Simba na Yanga, na yule aliyekuwa anazungumziwa anabaki na lake moyoni.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo nikajiuliza: sentensi hii imetoka wapi? Ukiisikia unaweza kudhani ni busara ya mtaani, maneno ya watu waliozoea shida. Lakini fuatilia. Sentensi hii ina mwandishi. Ina mwaka. Ina hata mchapishaji, na mchapishaji mwenyewe ni Shirika la Afya Duniani.

Mwandishi anaitwa John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akaja Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 alikabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kumbuka hapo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Masomo hayo aliyapata baadaye, Uingereza, akiwa tayari ameshaendesha hospitali miaka kadhaa. Ndivyo mambo yalivyokuwa: kwa "wenyeji" daktari yeyote alitosha.

Bwana huyu alihesabu wagonjwa wake, akaona kitu kilichomshangaza. Waafrika wenye sonona walikuwa wachache mno. Angeweza kuuliza nani anayeletwa Mathari na nani haletwi. Hakuuliza hivyo vya kutosha. Mwaka 1951 alichapisha makala kwenye jarida la madaktari wa akili la Uingereza akieleza kuwa jibu liko kwenye ubongo: sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, Mwafrika haitumii sana. Imelala. Mwaka 1953 kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, katika afya na katika ugonjwa, kilitolewa na Shirika la Afya Duniani kule Geneva. Humo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa lobotomi, yaani ule upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa maelezo yake, ili mtu apate sonona lazima ajilaumu, abebe wajibu, aitazame kesho na kuiogopa. Mwafrika, akasema, huwalaumu wengine na mizimu, basi sonona atapatia wapi?

Soma tena hapo. Hii ilikuwa nadharia ya kibiolojia ya sonona, labda ya kwanza kutumika kwa upana katika Afrika Mashariki, na kazi yake haikuwa kueleza kwa nini tunaugua. Ilieleza kwa nini hatuwezi kuugua. Hatuna kifaa cha kuugulia.

Carothers hakuianza habari hii ya ubongo. Kabla yake pale Mathari alikuwepo daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akipima vichwa vya watu kwa bidii ya ajabu, na ambaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha walowezi cha "kuboresha mbari" kilichoanzishwa Kenya mwaka 1933. Halafu yupo F. W. Vint wa maabara ya serikali Nairobi. Mwaka 1934 alichapisha uchunguzi wa bongo 100 za Waafrika waliofariki, akatangaza kuwa ni nyepesi na kwamba tabaka lake la nje ni jembamba kuliko la Mzungu. Bongo hizo alizilinganisha na vipimo vya Ulaya vilivyofanywa na watu wengine, mahali pengine. Mtoto wa kidato cha pili anayefanya jaribio la kemia namna hiyo anapata sifuri. Lakini matokeo yaliwafaa walowezi waliokuwa wakibishana kuwa kusomesha Mwafrika ni kupoteza fedha, na yakaenea.

Na huku kwetu upande wa Tanganyika? Lutindi, kule milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wakipokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa na Waingereza mwaka 1927. Sasa jiulize, enzi zile nani alipelekwa Mirembe au Mathari? Aliyechoma nyumba ya jirani. Aliyetembea uchi sokoni. Aliyempiga karani wa mkoloni. Mama aliyeacha kula, aliyelala akitazama dari tangu mavuno yaliyopita, huyo alibaki nyumbani. Ndugu walimpeleka kwa mganga, au kanisani, au walimwacha tu wakisema ana mawazo. Hakuna polisi aliyekwenda kumkamata kwa kosa la kusononeka. Kwa hiyo hakuhesabiwa. Kutohesabiwa kwake kukageuzwa kuwa ushahidi kwamba hayupo.

Tena lugha nayo ilimficha. Neno sonona wazee wetu wanalo. Mtu akifiwa husemwa amesononeka. Lakini mgonjwa wa huku akifika kwa daktari hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinawaka, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, usingizi umekimbia, nafikiri sana. Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, ambalo maana yake ni hiyo hiyo, kufikiri kupita kiasi. Daktari aliyekuwa akisubiri mgonjwa aseme maneno ya kitabu cha London alimwandikia vidonge vya kichwa na kumwaga.

Hapa naomba nisimame kidogo kwenye mlima wetu, maana tarehe zinanifanya nicheke kicheko kisicho na furaha. Novemba 1951, mwaka ule ule wa makala ya Carothers, serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Mifugo ilipotea. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza kilichowapata. Mwaka uliofuata, 1953, shirika la Umoja huo huo wa Mataifa likachapisha kitabu kinachosema watu wa namna ya Kirilo hawaitumii sehemu ya ubongo inayopanga kesho na kubeba wajibu.

Watu waliotazama nyumba zao zikiungua, halafu wakaambiwa na sayansi kwamba kimaumbile hawana uwezo wa kuzama katika huzuni. Mimi hilo linanikaa vibaya kuliko matusi ya kawaida ya ukoloni, kwa sababu tusi unajua ni tusi. Hili lilikuja limevaa koti jeupe. Na usidhani lilibaki maktaba. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwita Carothers huyo huyo aeleze Mau Mau, akaandika kijitabu kinachochukulia madai ya ardhi na uhuru kama tatizo la kisaikolojia la Wakikuyu.

Majibu yalikuja, ingawa polepole. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Algeria, alimchambua Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, pamoja na madaktari wa Kifaransa wa Algiers waliokuwa wakisema mambo kama hayo kuhusu Waarabu. Mwaka 1960 Margaret Field alichapisha kazi yake ya Ghana. Yeye hakukaa hospitalini. Alikwenda kwenye vihekalu vya waganga vijijini, na huko akawakuta wanawake wengi wenye sonona nzito, wakijilaumu, wakikiri kuwa wao ni wachawi na wameua watoto wao wenyewe. Kujilaumu kule ambako Carothers alisema hatuna kulikuwepo tele. Kulikuwa kunafanyika kwa mganga.

Jirani zetu wa Uganda ndio walioufunga mjadala. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya Uganda, wakitumia maswali yale yale yaliyotumika kusini-mashariki mwa London. Sonona ilikutwa kwa wingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Na Mnigeria Thomas Adeoye Lambo, mmoja wa madaktari wa kwanza wa akili wa Kiafrika kumpinga Carothers, aliishia kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 1973. Shirika lile lile.

Kisayansi, basi, sentensi ya kijiweni ilikufa zamani. Iliyobaki ni mwangwi, nasi tunaurudia bure, bila hata kulipwa.

Sasa wako wanaosema sawa, kumbe Mwafrika naye anaugua, basi biolojia imeshatuambia sababu: kemikali ubongoni zimepungua, unameza kidonge zinajazwa, umepona. Hii nayo siku hizi inasemwa kwa uhakika sana, hasa na sisi tuliosoma. Hadithi yake inaanzia kwenye mti, na mti wenyewe una ndugu yake hapa kwetu.

Anayeijua mbege anaujua msesewe. Ni mti mrefu unaopenda kandokando ya mito, Kilimanjaro na huku Meru, na gome lake husagwa likatiwa kwenye pombe ili kuleta uchungu. Kwa jina la kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, alitumika karne nyingi na waganga wa Kihindi kutuliza watu waliochanganyikiwa. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitoa kwenye mzizi wa mti huo wa India kitu walichokiita reserpini. Ilishusha presha, ikatuliza wagonjwa wa akili, na dunia ya tiba ikashangilia.

Kisha zikaanza kuja taarifa kwamba baadhi ya wagonjwa wa presha waliopewa reserpini wanapata sonona. Na katikati ya miaka ya 1950, watafiti wa Marekani waliowapa sungura reserpini waligundua kuwa kemikali iitwayo serotonini inaisha mwilini mwao. Ukiunganisha nukta mbili unapata mstari: serotonini ikipungua, huzuni inaingia.

Wakati huo huo, hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, New York, ilikuwa ikijaribu dawa mpya ya TB, iproniazidi. Ni mwaka 1952. Wagonjwa waliokuwa wanasubiri kufa wakaanza kuchangamka, kula, kucheza wodini, kabla hata mapafu hayajapona vizuri. Nusu saa hivi kwa gari kutoka kwenye barabara yetu ya Moshi iko Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu tangu mwaka 1926, na isoniazidi, ndugu wa dawa ile, ni sehemu ya tiba ya TB mpaka leo. Lakini waliochangamka wakaandikwa historia ni wale wa New York. Ikagundulika kuwa iproniazidi inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini, hivyo kemikali hizo zinabaki nyingi. Mwaka 1957 ilianza kutumika kama dawa ya sonona, na baada ya miaka michache ikaondolewa kwa kuharibu maini. Mwaka ule ule wa 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza imipramini, dawa aliyokuwa ameijaribu kwa ugonjwa mwingine kabisa wa akili. Huko ilishindwa, kwa watu wenye sonona ikafaulu.

Unaona mtiririko? Hakuna aliyeanza kwa kujua chanzo cha sonona. Dawa ziliangukia watu kwa bahati, kisha wataalamu wakarudi nyuma kutunga sababu. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut wa Marekani aliandika kuwa tatizo huenda ni noradrenalini. Mwaka 1967 Alec Coppen wa Uingereza akavutia upande wa serotonini. Wote wawili waliandika kwa tahadhari. Tahadhari ilipotea mwishoni mwa mwaka 1987 Prozac ilipopata kibali Marekani, na matangazo yakaanza kuwaeleza watu kuhusu "kemikali zisizo na uwiano" kana kwamba daktari anapima ubongo kwa kijiti kama anavyopima mafuta ya injini. Hakuna kipimo hicho. Hakikuwepo wakati ule, hakipo leo.

Na ile reserpini? Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1955 Davies na Shepherd walichapisha London jaribio la kuwapa reserpini wagonjwa wenye wasiwasi na huzuni. Kwa nadharia ile wangetakiwa kuzama zaidi. Walipata nafuu. Utafiti huo ulikuwepo kwenye jarida kubwa, kila mtu angeweza kuusoma, na nadharia ikaupita kama daladala iliyojaa. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walikusanya mapitio ya tafiti za serotonini za miongo kadhaa wakasema hawaoni ushahidi thabiti kuwa sonona inasababishwa na upungufu wake. Wapo waliowapinga, wakisema uchunguzi wao uliacha mengi, lakini hata wapinzani wengi hawakuitetea ile hadithi rahisi ya matangazo. Walisema hakuna mtaalamu makini aliyeiamini tangu zamani. Kama ni hivyo mngetuambia mapema.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana najua mtu atasoma mpaka hapa akatupe vidonge vya dada yake. Hadithi kuwa na mashimo hakuifanyi dawa kuwa maji. Aspirini ilituliza maumivu miaka mingi kabla mtu hajajua inavyofanya kazi. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye watu zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 walizoziangalia zilishinda kidonge cha bandia. Si kwa kishindo, lakini zilishinda. Amitriptilini, dawa kongwe ya tangu mwaka 1961 na ya bei nafuu ambayo hospitali zetu zinaijua vizuri, ilikuwa kati ya zilizofanya vizuri zaidi. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, na ikizidishwa ni hatari kwa moyo, kwa hiyo si ya kuombana na jirani. Na kuacha ghafla bila kuongea na daktari ni kujitafutia tatizo jingine.

Biolojia nyingine ipo, na haina mbwembwe. Tezi ya shingoni ikilegea, mtu anapoa, anachoka, anasononeka, na kipimo cha damu kinaonyesha. Homoni hushuka ghafla mama akijifungua. Efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumika sana nchini kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, inajulikana kuwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na sonona. Msongo wa muda mrefu huvuruga homoni ya kotisoli. Mambo haya yangefundishwa kliniki ya kwanza kabisa, kabla ya serotonini, na sijui kwa nini hatuyasikii redioni.

Lakini mwili hauishi hewani, na hapa nawarudisha Uganda. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya kusini mwa Uganda, eneo lililopigwa vibaya na UKIMWI. Watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16 wakizungumza kuhusu misiba, ugomvi na maisha yaliyobadilika, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi. Hakuna kidonge. Nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa mno kulinganisha na vijiji visivyokuwa na vikundi. Kama chanzo kingekuwa chupa iliyopungua kemikali, maneno yasingeijaza. Au labda yanaijaza, kwa njia ambayo hakuna aliyeieleza bado. Ubongo ni nyama inayosikia.

Siku hizi mbio zimehamia kwenye jeni. Mwaka 2003 ilitangazwa jeni moja ya serotonini kuwa ndiyo inayowaangusha watu wakipata mikasa. Magazeti yakapamba kurasa. Mwaka 2019 wachunguzi walitazama data ya mamia ya maelfu ya watu, na ile jeni, pamoja na nyingine 17 maarufu, hazikuonyesha lolote la maana. Januari 2025 ukachapishwa utafiti mkubwa zaidi, wenye watu zaidi ya 688,000 waliowahi kuwa na sonona kutoka nchi 29, ukapata tofauti 697 za kijeni, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana. Takriban robo tatu ya watu hao walikuwa na asili ya Ulaya, na waandishi wenyewe wanaeleza kuwa watu wa asili ya Afrika bado hawajawakilishwa vya kutosha.

Mwaka 1934 zilitosha bongo 100 za watu wa Kenya kutoa hukumu juu ya bara zima. Leo wanasema hawana damu yetu ya kutosha kusema chochote kwa uhakika.